Kufufua Honda CG125 ya zamani kwa vipuri vya pikipiki nyingine: mwongozo kamili

Honda ya marehemu baba ilikaa miaka kumi na moja nyuma ya banda la kuku. Baba alikuwa bwana shamba, na kwa pikipiki hiyo alizunguka kata nzima akikagua mahindi ya watu. Nilipoivuta nje, tairi zilikuwa zimepasuka kama udongo wa kiangazi, tangi limeoza kutu, na kiki imegoma kabisa kushuka. Leo inatembea, na nimeisafiria mara mbili kutoka Morogoro hadi Dodoma. Mguu wa mbele umetoka kwenye pikipiki ya Kichina ya mtumba, mfumo wa umeme umetoka kwenye nyingine, na kabureta kwenye nyingine tena. Fremu, injini, tangi na kiti ni vile vile alivyokalia baba.

Ninayoyaandika hapa yanahusu CG125, kwa kuwa ndiyo niliyoifungua kwa mikono yangu mpaka nati ya mwisho. Ukiwa na Yamaha ya zamani au Honda XL, njia ni ile ile, vipimo ndivyo vitakavyobadilika. Na neno moja utalikuta limerudiwa hapa mpaka ulichoke: pima. Hela nyingi nilizopoteza zilipotea siku nilizonunua kwanza nikapima baadaye.

Kwa nini CG125 inakubali kufufuliwa

Honda waliileta CG katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi kama zetu: barabara mbovu, mizigo mizito, na wenye pikipiki wanaochelewa kubadili oili. Kwa hiyo waliacha cheni ya taiming na kamshafti (shafti inayofungua valvu) ya juu, wakarudi kwenye kamshafti ya chini inayozungushwa kwa gia na kusukuma valvu kwa fimbo mbili ndefu. Pistoni ina kipenyo cha milimita 56.5 na inasafiri milimita 49.5, ukipiga hesabu ya ujazo unapata sisi (cc) 124.

Baadaye viwanda vingi vya China vikatengeneza injini za muundo huo huo. Zile zilizochongwa 156FMI ubavuni ni ndugu wa damu wa CG. Namba hiyo inasomeka hivi: 1 ni silinda moja, 56 ni kipenyo cha pistoni, F ni kupozwa kwa hewa, M ni pikipiki, na I ni daraja la sisi 125. Ndiyo maana mtu mwenye CG ya miaka ya 1980 anaweza kupata gasketi, fimbo za valvu, sahani za klachi na ringi katika duka lolote linalouza spea za Kichina, kuanzia Kariakoo hadi Kahama.

Ila ndugu wa damu hawavai kiatu kimoja. Kipuri kinaweza kufanana kwa macho na kupishana milimita mbili, na milimita mbili kwenye injini ni umbali mkubwa.

Kabla ya spana: kadi na namba

Futa vumbi shingoni mwa fremu usome namba ya chesesi, kisha usome namba ya injini, ulinganishe na kadi. Zikipishana, simama hapo ulitatue kwanza. Tanzania usajili uko TRA, Kenya uko NTSA, na kote wanaandika namba zote mbili. Ukibadilisha injini nzima, ujue kuna safari ya kwenda kubadilisha kumbukumbu, na utadaiwa risiti ya injini uliyoinunua. Mtu anayekuuzia injini ya mtumba bila risiti wala kadi ya pikipiki ilikotoka, muage kwa heshima uondoke. Na unapopiga msasa fremu, funika namba kwa selotepu. Usiisage wala usiijaze rangi nzito.

Hii ndiyo sababu moja niliyoamua kubaki na injini ya baba. Ya pili ni ya moyoni.

Kufungua

Tafuta mifuko midogo ya plastiki, kalamu ya wino usiofutika na daftari. Kila kundi la bolti liingie mfuko wake, liandikwe. Piga picha nyaya kabla hujazichomoa, ukiwa umezisafisha ili rangi zionekane. Rangi za Honda zina mpangilio wake: kijani ni ardhi, nyekundu inatoka betri, nyeusi ni umeme uliopita kwenye swichi, njano ni taa, nyeupe ni chaji. Pikipiki nyingi za Kichina za ukoo wa CG zilifuata rangi hizo hizo, na hilo litakusaidia mbele.

Nati zilizoganda usizipigane nazo. Weka dizeli iliyochanganywa na oili kidogo, iache ilale, asubuhi gonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo mara kumi, kisha jaribu kwa spana ya pete. Spana ya mdomo wazi kwenye nati iliyoganda itakula kona zake.

Kama injini imeshikana kama ilivyokuwa yangu, toa plagi, mimina vijiko viwili vya dizeli na oili kwenye silinda, subiri siku tatu. Weka gia ya mwisho, sukuma gurudumu la nyuma mbele na nyuma taratibu. Yangu iliachia siku ya nne kwa sauti ndogo, "tki". Ukilazimisha kwa kurukia kiki, utavunja meno ya kiki na pistoni itabaki pale pale.

Fremu

Osha kwa sabuni na brashi ya waya, kisha kagua sehemu tatu: chini ya shingo, pale swingamu (mikono inayoshika gurudumu la nyuma) inapojishikiza, na pale keria ilipofungwa. Pikipiki iliyobeba magunia hupasuka hapo. Ufa hujificha chini ya rangi, nao huonekana kama mstari mwembamba wa kutu uliochora rangi kwa ndani. Nenda kwa mchomeleaji anayejua fremu, asage ufa mpaka mwisho wake kabla ya kujaza, na aweke kiraka cha chuma pale mzigo unapolalia. Kabla hajawasha mashine, ondoa betri, CDI (kiboksi kinachoamuru cheche) na rektifaya (kifaa kinachodhibiti chaji). Umeme wa kuchomelea hutafuta njia, nao huua vifaa hivyo bila kuonyesha alama.

Jaribu kama fremu imenyooka: funga magurudumu uyakaze, nyosha uzi kutoka pembeni mwa tairi la nyuma hadi la mbele, pande zote mbili. Nafasi kati ya uzi na tairi la mbele iwe sawa kulia na kushoto. Fremu iliyopinda shingo, bora utafute nyingine.

Rangi sina mengi. Msasa namba 80, kisha 240, primer ya kuzuia kutu, 400, rangi mikono miwili myembamba. Kazi iliyopakwa haraka na nene huanza kumenyuka mwezi wa pili.

Tangi

Kwanza tahadhari ya uhai. Usimruhusu mtu yeyote tu achomelee tangi lililowahi kuwa na petroli, hata kama limekauka mwaka mzima. Mvuke hubaki kwenye mikunjo ya ndani, na tangi hulipuka. Kama kuna tundu, lioshwe kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa, lijazwe maji mpaka karibu na tundu, na afanye fundi aliyezoea kazi hiyo.

Kutu ya ndani: fumba tundu la koki, tia konzi mbili za nati ndogo ulizozihesabu na siki ya kutosha kujaa tangi. Acha siku mbili, ukitikisa kila unapopita. Mwaga, hesabu nati zako zote zitoke, suuza kwa maji yenye magadi ya kuoka ili kuua asidi, suuza tena, kausha juani huku mfuniko ukiwa wazi. Siku hiyo hiyo tia petroli yenye oili kidogo utikise, la sivyo kutu itarudi kabla ya jioni. Weka pia kichujio kipya cha petroli kati ya koki na kabureta, kile cha plastiki inayoonyesha ndani.

Injini

Hapa ndipo penye utajiri wote, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Fungua kifuniko cha kulia, upande wa klachi. Kwenye ncha ya kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) kuna kikombe cha duara kilichofungwa kwa skrubu tatu. Hicho ni kichujio cha oili cha CG: kinazunguka na kranki, uchafu mzito unarushwa pembeni na kuganda humo, na oili safi inaendelea. Mafundi wengi hawajawahi kukifungua. Nilipofungua cha baba nilikuta tope jeusi lililobanana, gumu kama mkate wa kumimina uliosahaulika kwenye mkaa. Nilikwangua kwa kijiti cha mwanzi, na ndani yake kulikuwa na vumbi la shaba likimeta juani. Vumbi la shaba ni bushi inayolika. Nikajua kabla ya kupima kwamba kuna bushi iliyoisha.

Kwa konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, ishike juu na chini uivute moja kwa moja. Ikicheza wima hata kidogo, kranki inahitaji kazi. Kucheza pembeni kidogo ni kawaida.

Silinda: ingiza ringi mpya peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, kisha pima pengo la ncha zake kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Kati ya milimita 0.15 na 0.35 uko salama. Ikifika 0.5, silinda imepanuka. Itobolewe kwa saizi inayofuata. Pistoni huja za ziada ya 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Nunua pistoni kwanza, umpelekee fundi wa kutoboa pamoja na silinda, atoboe kufuata pistoni yenyewe na si kufuata namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Wengi hushawishika kuweka silinda ya sisi 150, ile ya injini iliyochongwa 162FMJ. Ni kweli kwamba katika ukoo wa CG pistoni yake ya milimita 62 husafiri 49.5 zile zile. Lakini shingo ya silinda hiyo, ile inayozama ndani ya kesi ya kranki, ni nene zaidi. Lazima kesi itanuliwe kwenye mashine ya lethi, na ukuta unaobaki ni mwembamba. Ukishafanya hivyo huwezi kurudi. Mimi nilikataa. Pikipiki iliyokuwa ikimtosha bwana shamba na mifuko yake ya mbegu inanitosha na mimi.

Valvu zisage kwa dawa ya kusagia mpaka uone mstari wa kijivu usiokatika kwenye kiti chake. Kisha geuza silinda hedi, mimina mafuta ya taa kwenye tundu la kuingizia, subiri dakika tano. Yakivuja kwenye valvu, endelea kusaga.

Unapounga, alama ya IN juu ya pistoni iangalie nyuma, upande wa kabureta. Maandishi ya ringi yaangalie juu, na mapengo ya ringi yapishane yasikae mstari mmoja. Gia ya kamshafti ina alama, na gia ya kranki ina alama, zikutane. Ukipishanisha jino moja, pikipiki ama haitawaka ama itawaka na kukohoa tu.

Valvu zipimwe injini ikiwa baridi kabisa. Zungusha magneti (gurudumu zito lenye sumaku kwenye ncha ya kranki) mpaka alama ya T ikutane na alama ya kesi, hakikisha valvu zote mbili zimelegea, kisha weka nafasi ya milimita 0.08 kwa zote mbili. Fila geji ya 0.08 ipite kwa kukwaruza kidogo, ya 0.10 isipite.

Oili ni lita moja hivi ya 20W-50 ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA (oili inayofaa klachi za pikipiki). Klachi yako inaogelea katika oili hiyo hiyo, na oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano huifanya iteleze.

Umeme: kutoka volti 6 kwenda 12

CG za mwanzo zilikuja na volti 6 na pointi (swichi ndogo inayoleta cheche, kabla ya CDI). Taa yake usiku ni kama mshumaa, na betri za volti 6 zimeadimika. Hapa ndipo pikipiki ya Kichina ya ukoo wa CG inapokuwa baraka. Lakini nunua seti nzima kutoka pikipiki moja: magneti, koili za ndani pamoja na sahani yake, CDI, koili ya plagi, na rektifaya. Ukichanganya magneti ya hii na koili za ile, wakati wa cheche utahama na hutajua tatizo liko wapi.

Magneti hukaa kwenye koni ya kranki. Kabla ya kuifunga, paka koni ya kranki rangi ya kalamu ya wino, vaa magneti kwa mkono, izungushe kidogo, itoe. Tazama ndani: rangi ikiwa imegusa sehemu kubwa ya koni, vinakubaliana. Ikiwa imegusa pete nyembamba tu ya nje au ya ndani, usiifunge, itakata njiani kile kipini kinachoishika kwenye kranki. Yangu ya kwanza iligusa pete tu. Nikairudisha dukani, nikaenda na kranki yenyewe mkononi, nikajaribu magneti tatu hadi nilipopata.

Sasa CDI, kosa langu kubwa. Kuna CDI zinazolishwa na koili ya ndani ya magneti na kuna zinazolishwa na betri. Kwa nje maboksi yanafanana, na soketi zinaweza kuingiliana. Nilinunua ya betri nikaifunga kwenye mfumo wa magneti. Nilipiga kiki mchana kutwa mpaka mguu ukavimba, nikafungua kabureta mara mbili, na cheche haikuwepo tangu mwanzo. Ukoo wa CG kwa kawaida unatumia ya magneti. Nyaya zake: nyeusi yenye mstari mwekundu inaleta umeme wa magneti, bluu yenye mstari mweupe inaleta ishara ya wakati, nyeusi yenye mstari wa njano inakwenda koili ya plagi, nyeusi yenye mstari mweupe ni ya kuzima, na kijani ni ardhi. Ikikosa cheche, chomoa kwanza ule wa kuzima. Mara nyingi swichi ya zamani imegusa ardhi.

Rektifaya ya nyaya nne: nyeupe kutoka magneti, njano ya taa, nyekundu kwenda betri, kijani ardhi. Weka fyuzi ya ampea 10 karibu na betri. Badilisha balbu zote na honi, za volti 6 zitaungua papo hapo. Injini ikiwaka na ukiongeza mafuta, pima betri: kati ya volti 13.5 na 14.5 ndiyo afya. Ikipita 15, rektifaya ni mbovu na itachemsha betri.

Plagi ni NGK D8EA, pengo milimita 0.6 hadi 0.7.

Kabureta

PZ26 ndiyo inayopatikana kila kona. Pima umbali wa matundu ya bolti kwenye manifoldi yako kabla ya kulipa. Ukilazimika kutumia manifoldi yake, hakikisha tundu lake na la silinda hedi vinalingana. Pitisha kidole ndani usikie kama kuna ngazi, kama ipo isawazishe kwa faili ya duara. Weka gasketi nzima. Hewa inayovuja hapo huifanya injini ipae yenyewe na kuchemka.

Kwa kuanzia, funga skrubu ya hewa taratibu mpaka mwisho, kisha ifungue mizunguko miwili, halafu urekebishe injini ikiwa imepata moto mpaka mlio utulie. Endesha kilomita kumi, zima, toa plagi. Rangi ya kahawa yenye maziwa ni njema. Nyeusi ya masizi, petroli imezidi. Nyeupe, petroli ni pungufu, na usiendelee kuendesha hivyo kwa sababu pistoni itatoboka.

Koti la kichujio cha hewa lisiachwe. Wapo wanaolitupa ili injini ipumue kwa sauti. Kwa vumbi letu, hiyo ni kumsaga pistoni kwa mchanga.

Mguu wa mbele na breki ya diski

Breki ya ngoma ya mbele ya CG ilitosha enzi zake. Leo barabarani kuna malori na mabasi yanayokata mbele yako, na badiliko hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Chukua mguu wote kutoka pikipiki moja: shokapu mbili, sahani za juu na chini, gurudumu, diski, kalipa, pampu ya mkononi na mpira wake. Kuunganisha kalipa ya hii kwenye shokapu ya ile kwa kiraka cha kuchomelea ni kuweka uhai wako kwenye kiraka.

Nenda sokoni na vipimo hivi vimeandikwa: urefu wa shingo ya fremu kutoka kikombe cha juu hadi cha chini, kipenyo cha vikombe vya gololi ndani ya shingo, unene wa fimbo ya usukani juu na chini, na urefu wa shokapu zako. Katika mitaa ya Gerezani pale Dar, mzee mmoja aliniona nikilinganisha kwa macho akaniita.

"Mwanangu, umekuja na vernia?"

"Shikamoo mzee. Sina, nina futi ya fundi cherehani."

"Marahaba. Basi rudi nyumbani kwanza."

Akaniazima yake. Shokapu nilizokuwa nikizililia zilikuwa ndefu kuliko zangu kwa sentimita nne.

Urefu ni jambo zito. Mbele ikiinuka, usukani unakuwa mzito na kukata kona kunachelewa. Ikishuka, usukani unakuwa mwepesi mno na unatikisika mwendo ukizidi. Usiruhusu tofauti ya zaidi ya sentimita moja na nusu. Tofauti ndogo unaweza kuisawazisha kwa kupandisha shokapu kidogo ndani ya sahani ya juu.

Fimbo ya usukani ikiwa na unene tofauti, mchonga vyuma anaweza kukuchongea kikombe cha beringi kinachokutanisha ya nje ya fremu yako na ya ndani ya fimbo mpya. Kazi hiyo nilifanya, na gharama yake haikunivunja mgongo. Ukishafunga, toa springi kwenye shokapu au mpandishe mtu mzito, uone gurudumu likipanda mpaka mwisho: lisiguse fremu, ekzosi wala madigadi. Geuza usukani mpaka mwisho kila upande: mpira wa breki usivutike, waya wa klachi usibanwe.

Tia mafuta ya breki mapya kutoka kopo lililofungwa, DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko cha pampu kinavyosema, kisha toa hewa mpaka mkono wa breki uwe mgumu kama jiwe. Ukibonyeza ukaingia polepole, bado kuna hewa.

Nyuma: ekseli, sproketi na cheni

Gurudumu la nyuma la CG ni la inchi 17. Ukiweka la 18 lenye tairi ile ile ya 3.00, mzunguko mmoja unatoka kama mita 1.83 hadi 1.91. Maana yake gia zote zimekuwa ndefu kwa asilimia nne, na mlimani utausikia. Irudishe kwa sproketi: gawa meno ya nyuma kwa ya mbele. 42 kwa 14 ni 3.0, ina nguvu ya mzigo. 38 kwa 15 ni 2.53, ina mbio tambarare. Sproketi ya mbele ina shafti ya milimita 17 au 20, pima kabla ya kuondoka nyumbani.

Cheni namba 420 na 428 zina urefu sawa wa pingili, milimita 12.7. Zinachopishana ni upana, kwa hiyo cheni ya 420 haikai kwenye sproketi ya 428. Badilisha vyote vitatu kwa pamoja.

Ekseli: kama gurudumu jipya lina beringi 6302, tundu lake ni milimita 15, na kama ekseli yako ni ya 12, chongesha bushi za chuma zenye bega, 12 ndani na 15 nje. Usijaze nafasi kwa bati lililokunjwa. Nimeona gurudumu likilegea barabarani kwa sababu ya bati la kopo.

Mstari wa cheni: laza rula ndefu iliyonyooka kwenye uso wa sproketi ya nyuma, ielekee mbele. Ipite sambamba na sproketi ya mbele, ikipishana isizidi milimita moja au mbili. Rekebisha kwa spesa za ekseli. Kisha hakikisha gurudumu limekaa katikati ya swingamu na katikati ya mstari wa tairi la mbele, kwa ule uzi. Unaweza kukuta cheni imenyooka na gurudumu liko pembeni; hapo inabidi kuvuta spoki upande mmoja.

Shokapu za nyuma zipimwe kutoka tundu hadi tundu. Ndefu zaidi huinua nyuma na kupunguza utulivu, na cheni huanza kusugua swingamu.

Kuiwasha

Kabla ya petroli, toa plagi, piga kiki mara thelathini ili oili ipande. Legeza bolti moja ya kifuniko cha valvu uone oili imefika juu. Kisha plagi, petroli, choki, kiki. Isikilize dakika mbili, zima, iache ipoe, kaza nati za silinda hedi kwa mpangilio wa msalaba, pima valvu tena.

Jaribio la kwanza lifanyie uwanjani, si barabarani. Breki ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake, zote pamoja. Achia usukani kidogo kwenye mwendo wa kilomita 20 kwa saa uone kama inavuta upande. Shika diski na ngoma baada ya safari fupi: ikiwa ya moto kuliko mkono unavyovumilia wakati hukufunga breki, kuna kinachosugua.

Kilomita 500 za kwanza usiishindilie wala usibebe abiria. Mwaga oili ukifika 300, kwa sababu ringi mpya huacha vumbi la chuma, na ile ya mwanzo utaiona inameta. Ukifika 500, kaza bolti za mguu wa mbele, spoki, ekseli na mabano ya injini, na upime valvu. Baada ya hapo oili kila kilomita 1,500.

Kitu cha mwisho ni karatasi. Chini ya kiti nimeweka orodha ndani ya mfuko wa plastiki: mguu wa mbele umetoka pikipiki ipi, pedi za diski ni za ipi, beringi za nyuma namba ngapi, cheni ya pingili ngapi, CDI ya aina gani. Mwaka jana beringi ilikufa karibu na Kibaigwa, jua likizama. Fundi wa pale aliitazama pikipiki, akaona Honda, akataka kutuma kijana atafute beringi ya Honda. Nikamfunulia kiti, akasoma namba, akatoa ya kwake kwenye droo. Usiku ule ule nilikuwa nimeshafika Dodoma.